Punje Ndani ya Pumba

Asubuhi ile ukungu ulilala juu ya Kwemvumo kama mgeni aliyekula akashiba, hana haraka ya kuaga. Nyavu za kunasia maji zilizotandwa mgongoni mwa kilima zilikuwa zimelowa chepechepe, zikidondosha tone baada ya tone kwenye mifereji, na matone yakashuka mpaka mjini yakinong'ona njia nzima. Harufu ya iliki iliyokuwa ikikaushwa iliingia kila nyumba bila kubisha hodi. Ndani ya zahanati, Mzinga ulikuwa umeshaanza kuvuma.

Waliuita Mzinga kwa umbo lake na kwa sauti yake. Ulikuwa mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, duara nene, refu kiasi cha kummeza mtu mzima akiwa amelala, na aliyelala humo alisikia nyuki wengi wakiimba kwa mbali, mbali sana, kama wanaimbia ng'ambo ya usingizi. Wengi walisinzia, na waliosinzia wakaota. Ikawa ndiyo desturi ya mji: mtu akitoka kwenye Mzinga haulizwi kwanza anaumwa nini, anaulizwa ameota nini.

"Haya, umeota nini leo, Somo?" aliuliza Sikudhani, mlezi wa mashine ile, akimshika bibi mmoja mkono amshushe.

"Nimeota natembea juu ya mchuzi wa kunde," alisema Bi Mwanamvua. "Miguu hailowi, ila nasikia chumvi imezidi."

"Hiyo ni ndoto au malalamiko?"

"Kwa umri wangu ni kitu kimoja."

Bi Mwanamvua hakumzaa Sikudhani, lakini alikuwa na haki juu yake kupita hata mama aliyemzaa. Alikuwa somo wake. Sikudhani alipovunja ungo, ndiye aliyemweka ndani, akamfunda, akamfunga kiunoni uzi wake wa kwanza wa shanga na kumwambia kwamba mwanamke ana vitu vya kuonwa na watu wote, ana vitu vya kuonwa na wachache, na ana kitu cha kuonwa na mtu mmoja tu. Miaka ilikuwa imepita, mwari sasa ana mvi zake mbili tatu na kazi ya kulea mashine, lakini mbele ya somo wake bado aliinama kidogo alipozungumza.

Daktari Mihayo alikuwa ameketi mbele ya kioo cha mashine, picha imeshatoka. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa mji mzima, na hakuna aliyekumbuka siku aliyoanza kusema bila kuchokoza.

"Shikamoo, bibi wa Kibondei. Nimekuambia punguza machungwa, mgongo hautauma."

"Marahaba. Wewe babu zako walibeba pembe mpaka pwani, vichwa vikawa bapa. Hebu tumia hicho kilichobaki uniambie nina nini."

Daktari akacheka, akageuza kioo. Picha ilikuwa nzuri. Figo mbili zilikaa kama maharage yaliyooshwa, ini limetulia mahali pake, mifupa ya kiuno imeng'aa kama sahani za harusi. Hapakuwa na doa.

"Safi," alisema. "Mara ya tatu hii, na mara zote tatu ni safi. Ndani yako, mama, pamefagiliwa kuliko chumba changu."

"Chumba chako hakihitaji mashine. Kinanukia toka barabarani."

Walicheka wote watatu. Ila Sikudhani alichelewa kidogo kumaliza kucheka, kwa sababu jicho lake lilikuwa limerudi kwenye picha. Ilikuwa nzuri mno. Kiuno kile kilikuwa cha msichana aliyetoka jana kuchota maji, na Bi Mwanamvua alikuwa bibi aliyezaa, akazika, akabeba ndoo na magunia ya iliki maisha yake yote.

Nje, penye benchi la kungojea, somo wake alimvuta kanga akamsogeza ukutani.

"Nikwambie kitu cha chooni?"

"Niambie."

"Mkojo umegeuka. Rangi ya juisi ya choya. Hauumi, ila ni mwekundu."

Sikudhani alihisi baridi ya ukungu imempata shingoni. "Tangu lini, Somo?"

"Tangu machungwa ya kwanza kuiva. Unakuja, unapotea, unarudi."

"Umemwambia daktari?"

"Yule mwanamume?"

"Ni daktari."

"Ni daktari aliyevaa suruali." Bi Mwanamvua akajifunga kanga vizuri. "Na picha si imesema safi? Picha umeifundisha wewe. Mimi nakuamini wewe kuliko mkojo wangu." Akaenda zake, akipotea taratibu ndani ya weupe, mkono mmoja umeshika ubavu.

*

Ukweli ni kwamba Mzinga wa Kwemvumo ulikuwa dhaifu. Mizinga ya hospitali kubwa za jijini ilikuwa na sumaku kali, ikichukua picha kama mtu aliyefungua dirisha mchana. Huu ulikuwa wa uwezo wa halmashauri. Sumaku yake ilikuwa ya kivivu, na picha iliyotoka humo mbichi ilifanana na nazi iliyokunwa ikamwagwa juu ya kaniki. Ungeweza kuitazama mpaka macho yatoke machozi usijue hili ni ini au ni kivuli cha ini.

Ndipo ilipokuja kazi ya Mpepetaji. Huyo alikuwa akili isiyo na mwili, anakaa ndani ya kisanduku kidogo nyuma ya Mzinga. Alionyeshwa picha nyingi kupita hesabu, mbaya na nzuri za kitu kimoja zikiwekwa ubavu kwa ubavu, mpaka akajifunza kuikisia nzuri kutoka kwenye mbaya. Akipewa nazi na kaniki, anairusha juu kama mwanamke na ungo wake. Punje zinabaki, pumba zinaenda pembeni. Kazi ya Sikudhani ilikuwa kumfundisha kipi ni punje na kipi ni pumba, na neno hilo, kukisia, hakupenda kulitamka mbele za watu.

Mwanzoni wanawake hawakuja. Wanaume walikuja, watoto waliletwa, lakini wanawake waliumwa majumbani wakanyamaza, na sababu aliijua kila mtu. Shanga. Za Kwemvumo zilikuwa za kioo cha zamani chenye madini, zimerithiwa, na kila moja iliacha tundu jeusi kwenye picha, safu kwa safu, duara kamili kiunoni. Kuzivua mbele ya mgeni ilikuwa aibu, na kuziacha zionekane kwenye kioo cha Daktari Mihayo ilikuwa aibu kubwa zaidi.

Bi Mwanamvua ndiye aliyepata njia. Aliwaita wanawake nyumbani kwake, akamwita na mwari wake, akauliza, "Huyo Mpepetaji wako anajua kufagia?"

"Anajua anachofundishwa."

"Basi mfundishe kufagia shanga. Zisifike kwenye kioo."

Sikudhani alifundisha msimu mzima wa mvua. Aliazima shanga, akazifunga kwenye magunia ya mihogo, kwenye mitungi ya maji, kwenye maboga, na mwisho kiunoni mwake mwenyewe. Kila mara alimwambia Mpepetaji: hii si mwili, ifagie. Ilipoanza kwenda vizuri, Zaituni muuza vitumbua, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akauliza swali.

"Na uzi ukikatika, shoga? Mimi zangu hukatika kila nikinenepa. Ushanga mmoja unajificha kwenye mkunjo wa tumbo, najua mimi? Nilale humo halafu daktari aukute umekaa peke yake kama yatima?"

Wanawake walicheka mpaka wakalia. Lakini walikubaliana naye, hata mmoja usionekane. Sikudhani akarudi, akamfundisha Mpepetaji na hilo: ushanga ulioachana na wenzake, popote karibu na kiuno, nao ni pumba.

Kisha ikawekwa ahadi. Pumba hazitazamwi. Zinafungiwa ndani ya kisanduku, na siku mtu yeyote akizifungua pumba za mwanamke yeyote, bangili za zahanati walizovaa wote, zile zinazowakumbusha saa ya dawa, zitatetemeka mikononi mwao kwa pamoja. Bi Mwanamvua alikuwa wa kwanza kulala kwenye Mzinga. Baada yake walikuja wote. Zaituni mwenyewe alikutwa na uvimbe kwenye kizazi, ukaondolewa, na sasa alikuwa anauza vitumbua akiusimulia kama safari ya Unguja.

*

Adhuhuri, zahanati ikiwa imetulia, Sikudhani alichukua boga jikoni. Akalikata kipande, akachimba nyama yake kwa kidole, akapachika ndani njugumawe moja, akarudisha kipande na kukibana kwa vijiti. Akalifunga boga uzi wa shanga, akalilaza kwenye Mzinga kama mgonjwa, akalifunika hata kanga, hakujua kwa nini, labda kwa mazoea.

Nyuki waliimba. Picha ikatoka.

Boga lilikuwa limekamilika kama lilivyoumbwa. Shanga hazikuwepo, na njugumawe haikuwepo.

Boga halikuwekewa ahadi. Sikudhani akafungua pumba zake. Kioo kikawa cheusi, halafu taratibu vikajitokeza vitu vilivyofagiliwa: mduara wa nukta ukielea bila boga, na chini yake kidogo, nje ya mstari, nukta moja peke yake. Alikaa akaitazama. Njugumawe ile aliipachika kwa mkono wake, na bado alilazimika kujiuliza kama haikuwa ushanga.

"Kwa hiyo Mpepetaji anakula punje," alisema Daktari Mihayo nyuma yake. Mara hii hakuchokoza.

"Hajui tofauti. Nilimwambia kiduara kigumu karibu na kiuno ni pumba. Hajui ushanga ni nini. Hajui aibu ni nini. Anajua kiduara."

"Uvimbe wa figo ukianza ni kiduara." Daktari alivuta kiti. "Bi Mwanamvua ana dalili?"

Sikudhani alinyamaza, kwa sababu jambo la chooni alikuwa ameambiwa yeye. Lakini kunyamaza kwake kulikuwa jibu, na daktari hakuwa mjinga.

"Kama upo na ni mdogo, jijini wanautoa na figo inabaki," alisema. "Ukingojea ukue, sitakudanganya, dada. Zifungue pumba zake. Mimi nitatoka nje nigeuze mgongo, nitasimama hata uwanjani nihesabu kunguru."

"Si wewe tu. Ni ahadi."

"Na tukimpeleka jijini apigwe picha kule?"

"Kule anavuliwa. Hataenda. Wewe unamjua."

"Basi muulize yeye mwenyewe. Zake ni zake."

*

Bi Mwanamvua alikuwa ameketi ukumbini kwake, miguu ameinyoosha mkekani, anachambua iliki. Zilizopasuka huku, nzima kule. Sikudhani alipiga magoti, akasaidia kuchambua, akasema yote: boga, njugumawe, nukta iliyobaki nje ya mstari. Hakupamba wala hakupunguza.

Somo wake alisikiliza mpaka mwisho. Vidole havikusimama.

"Kwa hiyo unataka kuniona shanga zangu."

"Nataka kuona kama kuna kitu ambacho si shanga."

"Kukiona hicho lazima uzione hizo."

"Ndiyo, Somo."

"Sitaki."

Lilisemwa polepole, kama mtu anayefunga dirisha jioni. Sikudhani akangoja, maana alifundwa kungoja.

"Mhina aliponioa," Bi Mwanamvua alisema baada ya muda, "zile nilizotoka nazo kwetu zilikuwa nyuzi chache. Akanitungia mwenyewe uzi mmoja. Mwanamume mzima, mkono wa kushika panga, amekaa anatunga shanga na sindano inamchoma. Alizipanga anavyojua yeye. Wanasema mume akifa uzikate. Sikuzikata. Hakuna aliyewahi kuuona uzi ule ila yeye na mimi, na yeye yuko udongoni. Watoto wake nimewapa watu wakaoa na kuolewa. Shamba lake wamegawana. Nguo zake zilivaliwa zikachakaa migongoni mwa wengine. Kilichobaki cha sisi wawili ni hicho, mwanangu."

"Na ukifa, Somo?"

"Nitakwenda nacho."

"Na wenzako? Mpepetaji amewafagia wote."

"Hao watakaa na wewe mwongee. Kila mmoja ana mdomo wake. Mimi umeniuliza mimi, nimejibu." Akamshika kidevu, akakiinua. "Usinililie kwenye iliki, zitaota ukungu."

Alipomsindikiza mlangoni alisema tena, kwa upole uleule, "Usifungue."

*

Baada ya swala ya alasiri ukungu ulirudi, ukashuka kilimani ukipapasa paa moja moja, ukaingia zahanati kwa madirisha yaliyoachwa wazi. Sikudhani aliketi mbele ya kioo. Mzinga ulikuwa umezimwa, lakini masikio yake yaliendelea kusikia nyuki.

Alikuwa na mambo mawili mkononi, na yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja. Kuna neno la mwanamke juu ya mwili wake, neno alilofundishwa na mwanamke huyohuyo kuliheshimu. Na kuna mwanamke mwenyewe. Akilishika neno, huenda akampoteza mwenye neno. Akimshika mwenye neno, lile neno litakuwa limevunjika, na litakuwa limevunjwa na mwari.

Aliwaza kungoja, amuulize tena kesho. Akawaza choya. Akawaza machungwa ya kwanza, jinsi yalivyoiva, yakachumwa, yakaisha, na sasa miti ilikuwa inatoa maua upya.

Kidole chake kikaenda.

Kioo kikawa cheusi, weusi wa ndani kabisa, wa mahali ambapo hapajawahi kuwaka taa. Halafu zikaja, kwanza kidogokidogo kama nyota za magharibi, kisha kwa wingi, safu juu ya safu, duara ndani ya duara, zikielea bila kiuno, bila mwanamke. Zilipumua. Mzinga ulikuwa umempiga picha akiwa hai, basi pumzi yake ilikuwa imebaki ndani ya pumba, ikizipandisha na kuzishusha. Kati ya nyuzi zote mmoja ulikuwa tofauti: mbili ndogo, moja kubwa, mbili ndogo, moja kubwa, na mahali fulani mpangilio umekosewa, tatu zimefuatana, kama mtu aliyechomwa sindano akapoteza hesabu. Sikudhani alifumba macho. Alikuwa ameshaona.

Alipoyafumbua, alilazimisha jicho lishuke. Pale, upande wa kulia, nje ya mistari yote, palikuwa na nukta moja.

Bangili ikatetemeka mkononi mwake.

Ilikuwa inatetemeka mikononi mwa mji mzima. Aliusikia mji ukinyamaza. Vinu vilisimama, karai la vitumbua la Zaituni likaacha kuchemka. Kisha milango, kisha kandambili juu ya kokoto, nyingi, zikija kwenye ukungu bila kusema kitu. Daktari Mihayo alikuwa uwanjani. Aliwapisha akageukia ukuta.

Na Sikudhani bado alikuwa anaitazama ile nukta, na jambo lililomvunja nguvu halikuwa nyayo. Hakuweza kujua. Ingeweza kuwa uvimbe. Ingeweza kuwa ushanga mmoja uliokatika zamani, umejificha kwenye mkunjo, yatima. Picha haikuwa na jibu. Mwenye jibu alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amemkataza kufungua.

"Ni za nani?" Sauti ya Zaituni mlangoni. "Sikudhani, ni za nani zilizofunguliwa?"

Kabla hajajibu, wanawake waligawanyika katikati, na Bi Mwanamvua akapita. Hakuharakisha. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaja akasimama mbele ya kioo.

Alikuwa hajawahi kuziona namna ile, maana shanga za mtu ziko chini ya macho yake, huziona kwa juu tu. Sasa alikuwa anaziona kama alivyoziona yule mwingine. Kidole chake kilifuata uzi mmoja, mbili ndogo, moja kubwa, mpaka kikafika penye tatu zilizofuatana. Kikakaa hapo.

"Hapa nilimcheka," alisema.

Sikudhani alikuwa amepiga magoti.

"Na hii?" Kidole kilikuwa kimeshuka kulia.

"Sijui, Somo. Uzi uliwahi kukukatikia?"

"Tangu Mhina afe haujakatika hata mmoja. Nazihesabu kila ninapooga." Alivuta pumzi, na ajabu, shanga za kwenye kioo nazo zikapanda kama zimemsikia. "Basi hii si yangu."

"Hapana. Si yako."

"Ungekuja ukaniuliza mara ya pili," alisema Bi Mwanamvua. Sauti yake ilikuwa imetulia, na huo utulivu ndio uliouma. "Ulifundwa kwamba mtu mzima huulizwa mara ya pili. Nilikuwa nimekaa palepale na iliki zangu, nakungoja. Sijui ningesema nini. Sasa hatutajua, si mimi wala wewe."

"Nisamehe, Somo."

"Usiniite hivyo. Niite jina langu, kama wanavyoniita watu."

Akajitanda kanga kichwani, akaufungua mlango, akasimama kizingitini mbele ya nyuso zote zile zilizolowa ukungu.

"Ni zangu," alisema. "Nimemtuma mimi. Mpepetaji anafagia zaidi ya alichotumwa, nikasema lazima mmoja aanze, nikaanza. Kuna kitu kimeonekana. Kesho nakwenda jijini. Mwenye la kusema aniambie mimi, asimguse huyu."

Ukungu ulipita katikati yao. Kisha Zaituni akajifuta mikono ya unga kwenye kanga.

"Kama Bi Mwanamvua kafunguliwa," alisema, "mimi ni nani? Na mimi zangu ziangaliwe. Ila uniambie ukweli, shoga, ukikuta yatima."

Mwingine akasogea nyuma yake, na mwingine. Ikawa foleni.

*

Gari lisilo na dereva lilimchukua Bi Mwanamvua asubuhi, Daktari Mihayo kando yake, wakitaniana kuhusu nani atapotea jijini kwanza. Sikudhani alibeba kikapu mpaka mlangoni.

"Safari njema, Bi Mwanamvua," alisema. Lilikuwa jina zuri, na hakuwa amezoea kumwita nalo.

"Ahsante," alijibu yule bibi, kwa adabu anayompa mtu yeyote. Mlango ukafungwa.

Zahanati ilikuwa imejaa. Wote walikuja kwa sababu ya maneno yaliyosemwa pale kizingitini, na maneno yale hayakuwa kweli, na siku Sikudhani atakayoyasahihisha ndiyo siku watakayorudi majumbani kuumwa kimya. Aliwaangalia, akalimeza neno la kweli. Aliona litamezwa kila siku.

Zaituni alilala kwenye Mzinga, akaamka, akasimulia ndoto ndefu ya sufuria linalomkimbiza. Picha ikatoka, safi, nzuri kama sahani za harusi. Chini yake pumba zilikuwa zimefungwa.

"Nifungue?" aliuliza Sikudhani.

"Si nimeshakwambia jana?"

"Ulisema jana. Nakuuliza leo."

Zaituni, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alinyamaza. Alitazama kioo, akatazama mikono yake, akatazama dirishani ambako ukungu ulikuwa unaanza kuinuka. Foleni ilikohoa. Sikudhani aliweka mikono yote miwili mapajani, mbali na kioo, akangoja.

"Nakuuliza mara ya pili, shoga," alisema. "Nifungue?"